Jenereta Ikae Nje, Betri Iingie Ndani

Wako miongoni mwetu ambao wakisikia neno adui huwaza mpaka na msitu tu. Lakini yupo adui asiyevaa sare wala kuacha nyayo, naye huwangoja wapiganaji wetu mahali ambapo bunduki haifai kitu: ndani ya chumba kisicho na dirisha, fundi akipiga lipu. Siku hizi ambapo askari wa Uganda hushika mwiko na saruji kama ashikavyo silaha, hatuna budi kumtaja adui huyo waziwazi.

Miaka michache iliyopita tulifika mahali askari walipokuwa wakikarabati ghala lililo chini ya ardhi. Nyaya za umeme zilikuwa hazijafika. Mvua ilinyesha, basi jenereta ya petroli ikaingizwa ndani isilowe, na mlango ukaachwa wazi ati hewa ipite. Saa moja haikutimia. Koplo mmoja alilalamika kuwa kichwa kinamgonga. Mwenzake akaketi chini kama mlevi. Sajini aliyekuwa juu aliona taa zinawaka lakini hakusikia nyundo. Walitolewa wote wakiwa hai, tunamshukuru Mungu, ingawa wawili walilazwa hospitali. Hakuna aliyekuwa amenusa kitu.

Wangenusa nini? Kaboni monoksidi, gesi itokayo katika injini zichomazo mafuta, haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu huishiwa fahamu huku akidhani ni uchovu wa kazi. Mlango wazi hauokoi. Wataalamu huagiza jenereta iwe angalau mita 6 kutoka jengo. Wala wenye dizeli wasijisifu, kwani mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuhesabu moshi wake miongoni mwa visababishi vya saratani.

Rai yetu ni kwamba kila kikosi kinachojenga kiwe na sanduku la betri za lithiamu, pamoja na kifaa cha kugeuza umeme wake ufae kwa zana za kawaida. Sanduku lenye yuniti 5 huwasha taa 10 za wati 20 kwa takriban saa 20. Keekee ya wati 1,000 ingelimaliza kwa muda usiofika saa tano, lakini ni nani atobozaye ukuta saa tano bila kupumzika? Kazi ya kuchomelea vyuma hula umeme mwingi mno. Hiyo na ibaki kwa jenereta ya nje na waya mrefu.

Mhasibu atasema sanduku hilo ni ghali, na hasemi uongo. Lakini jenereta hunguruma kutwa ikiunguza mafuta kwa ajili ya taa mbili, ilhali jenereta hiyohiyo, ikiwa nje, ingejaza betri kwa muda mfupi ikazimwa. Tena betri haina kelele. Mwenzako akipiga ukelele kuwa jukwaa linaanguka, utamsikia.

Tahadhari moja haina budi kusemwa, maana tunawajua vijana wetu. Asitokee mtu akafungua betri ya lori na kuijaza umeme ndani ya chumba hicho. Betri ya asidi inapojazwa hutoa hidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Hata ya lithiamu ikipondwa au kutobolewa yaweza kuwaka moto, kwa hiyo isiwekwe penye njia pekee ya kutokea.

Makamanda wanapojaza fomu za kuomba saruji na nondo, waongeze mstari mmoja wa betri. Wasioipata upesi wafanye kama walivyofanya wale wa ghalani: walijenga kibanda cha mabati mbali na mlango, wakaifunika jenereta, wakavuta waya, na kazi ikamalizwa.