Kisu cha Kukunja si Bisibisi

Mbalamwezi inapokolea dagaa hawafuati taa, na wavuvi wa Kibirizi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Nyavu hutandazwa mchangani, matundu huzibwa, mitumbwi hutengenezwa, na karibu kila kijana utamwona ameshika kisu kidogo cha kukunja. Watu hudhani kwamba wavuvi wakipumzika nasi wa chumba cha vidonda tunapumzika. La hasha! Ndipo wanapotufikia mmoja mmoja, mkono umeinuliwa juu, fulana imeviringishwa kwenye vidole, damu imekaukia hadi kiwikoni. Ukimuuliza amekatwa na nani, anajibu kwa aibu, "Kisu changu mwenyewe, Mama."

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mapumziko hayo yalikuwa ya miezi mitatu mizima, na mikono yenye visu ilikuwa mingi ufukweni. Hapo ndipo tulipoanza kulizungumza jambo hili kati yetu wauguzi, na mwezi huu tumeona tulilete kwenu.

Maoni yetu ni haya. Kisu chenyewe hakina kosa, na kijana naye si mzembe kama tunavyopenda kumsema. Kosa la kwanza ni kwamba kisu hicho kinafanyishwa kazi zisizo zake. Kosa la pili, ambalo linatusikitisha zaidi, ni kwamba jeraha lake hupimwa kwa ukubwa wa mdomo wake. Katika kosa hilo la pili sisi wauguzi nasi tumo.

Kisu cha kukunja kimetengenezwa kukata. Kukata uzi wa nyavu, kamba ya nailoni, kumenya muwa au embe, kumpasua mgebuka tumbo. Kazi hizo kinazifanya vizuri na mwenye nacho haumii sana. Lakini mvuvi akikosa bisibisi ya kufungulia kifuniko cha injini, anatumia ncha ya kisu. Akikosa kifungulio cha kopo, kisu. Akitaka kutoboa dumu au kubandua ubao, ni kisu hichohicho. Sasa tazama kilivyoundwa: makali yameshikwa kwenye mpini kwa msumari mmoja, na nyuma kuna kibati cha springi kinachoyazuia yasijikunje. Visu vingi vinavyouzwa juu ya turubai pamoja na tochi na viberiti havina kifungio kingine zaidi ya hicho. Ukikata kwa kuelekeza makali chini, nguvu ya mkono inayafungua zaidi. Ukisukuma kwa ncha, au kisu kikanasa ukaanza kukizungusha, nguvu inageuka, springi inashindwa, na makali yanarudi nyumbani kwake ndani ya mpini. Njiani yanakutana na vidole vinne vilivyoushika mpini huo.

Watengenezaji walilifahamu jambo hili zamani. Kule Ufaransa, kisu cha wakulima kinachoitwa Opinel kilianza kutengenezwa mwaka 1890, na mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma inayozungushwa ili makali yasijikunje yenyewe. Kwa hiyo mzazi au mwenye boti anayenunua kisu na atafute chenye kifungio. Akifungue dukani, akigandamize mgongo wa makali juu ya meza, aone kama kinajikunja. Kikijikunja, akirudishe.

Tuwasimulie juu ya kijana mmoja wa Kibirizi. Jina lake tunaliacha, maana wote mnaopanda maboti pale kwenda Gombe, Mwamgongo au Kagunga huenda mmepishana naye. Alikuwa akikata dumu la mafuta ya kula apate kata ya kuchotea maji mtumbwini. Alichoma ncha, plastiki ikaikamata, akazungusha. Kisu kikajikunja juu ya kidole chake cha shahada, mkono wa kulia. Mdomo wa jeraha haukuzidi upana wa ukucha. Alitumbukiza mkono ziwani, akapaka unga mweusi wa betri kavu, akafunga kwa mpira wa baiskeli, akamaliza kata yake. Wenzake walimsifu kwa uvumilivu.

Alitujia baada ya wiki tatu. Kidonda kilikuwa kimefunga. "Nimeshapona, Mama," alisema, "ila kidole hiki kimekuwa kivivu." Tulimwambia akunje ngumi. Vidole vitatu vilikunjwa, cha shahada kikabaki kimenyooka kama kinachoonyesha njia. Yeye alicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa tulijua kazi yake ni kuvuta kamba.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni, imo katika mkono kati ya kiwiko na kiganja. Inavivuta vidole kwa kano, ambazo ni kama kamba nyeupe zinazopita katika vijifereji chini ya ngozi upande wa kiganja. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunja: moja inakunja kifundo cha katikati, nyingine inafika hadi ncha. Kano hizo ziko karibu sana na ngozi. Pembeni mwa kidole, kushoto na kulia, kuna mishipa ya fahamu na ya damu. Kwa hiyo kisu kikiingia nusu sentimita tu kinaweza kukata kamba yenyewe. Kano iliyokatwa haikai pale ilipokatwa. Misuli huivuta, nayo hurudi nyuma kuelekea kiganjani kama mpira ulionyooshwa ukakatwa. Katika siku za mwanzo daktari wa upasuaji anaweza kuitafuta ncha yake na kuiunganisha. Zikipita wiki kadhaa, kano imesinyaa, kijifereji kimejaa kovu, na kinachohitajika ni upasuaji mgumu, pengine wa mara mbili, na kidole kisirudi kama kilivyokuwa.

Sasa tuungame letu. Miaka iliyopita tulimpokea mama mmoja mwuza dagaa aliyejikata akifungua gunia. Tulimsafisha, tukamshona nyuzi tatu zilizokaa vizuri, tukajisifu kwa kazi safi, tukamruhusu aende. Hakuna aliyemwambia akunje kidole kabla ya sindano ya ganzi. Alirudi siku ya kutolewa nyuzi, ngozi imepona kabisa, kidole hakikunjiki. Ngozi yake ndiyo tuliyoishona. Tangu siku ile hatumshoni mtu mkono kabla ya kumpima, na tunawasihi wenzetu wa zahanati wafanye vivyo hivyo hata kama foleni inafika mlangoni.

Kipimo chenyewe hata mtu wa nyumbani anaweza kukifanya, damu ikishatulia. Weka mkono wa mgonjwa juu ya meza, kiganja kikitazama juu. Kamata kidole kilichoumia chini kidogo ya kifundo cha mwisho, mwambie akunje ncha. Kisha vishike vidole vingine vibaki vimenyooka, mwambie akikunje hicho kimoja katikati. Mwambie akinyooshe pia, kwa sababu kano za kunyoosha zinapita mgongoni mwa kidole nazo hukatwa. Mwisho afumbe macho, nawe umguse kwa ncha ya kitambaa upande mmoja wa kidole, kisha wa pili, akuambie unamgusa wapi. Kikishindwa kimoja kati ya hivyo, au akisema kidole kina ganzi au ni baridi, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama punje ya mchele na halitoi damu tena. Kikiweza vyote lakini kwa maumivu makali, pia aje, maana kano huweza kukatika nusu ikamalizikia kwenye kamba siku ya pili.

Kuhusu damu, fanyeni jambo moja kwa uvumilivu: gandamizeni. Kitambaa safi juu ya jeraha, mkono juu kuliko kifua, na kugandamiza kwa dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Kila anayechungulia anaanza upya. Pete ivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Mpira wa baiskeli kwenye kidole haufai, unaua nyama. Baadaye oshe kwa sabuni na maji safi ya kutiririka, si ya ziwani pale maboti yanapotia nanga na samaki wanapooshwa. Unga wa betri, majivu, mafuta ya taa na kahawa vyote tumekwisha kuvikwangua kutoka vidondani. Vinaunguza au vinachafua, na vinatuficha tusione kilichokatwa. Jeraha la kushonwa lifike mapema, siku ileile. Likichelewa, mara nyingi tunalazimika kuliacha wazi kwa siku chache kwa kuogopa kufungia usaha ndani.

Liko jeraha moja la kisu hiki ambalo si la kidole, nalo huua. Ni la kijana aliyeketi, ameweka muwa au kamba juu ya paja, anakata kwa kuvutia kwake. Mshipa mkubwa wa damu hupita kinenani na kushuka ndani ya paja. Ukikatwa, damu huruka kwa mapigo na mtu anaweza kufa katika dakika chache. Hapo usitafute kitambaa kizuri. Gandamiza kwa ngumi na uzito wako wote, na kama jeraha liko chini ya kinena, mwenzako afunge kitambaa kipana juu yake, akikaze kwa kijiti hadi damu isimame, na akumbuke saa aliyokifunga. Kisha mgonjwa apakiwe chombo chochote kinachokwenda mjini. Afadhali zaidi ni kutokuketi hivyo. Kata juu ya ubao, makali yakienda mbali nawe, na chombo kikiyumba ngoja wimbi lipite. Kisu kikianguka, kiache kianguke.

Kisu na kinolewe pia. Wengi hutushangaa tukisema hivyo, lakini kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza.

Wapo wazee waliotushauri tuandike kwamba vijana wapokonywe visu wanapoingia chomboni. Tumekataa. Usiku ziwani, kamba ikimzunguka mtu mguu nyavu zinaposhuka, kisu ndicho kitakachomwokoa, na hakuna muda wa kukiomba kwa nahodha. Tunachowaomba wenye maboti ni wepesi zaidi: bisibisi moja na kifungulio kimoja cha makopo vikae chomboni daima, vimefungwa kwa uzi visipotee. Nusu ya majeraha tunayoyaona, kwa kukisia kwetu, yalisubiri vifaa hivyo viwili.

Kuna pia wanaotukumbusha kuwa wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Tunawaheshimu wahenga. Lakini wembe wa methali ile unakata mara moja, mtoto analia, anajifunza. Kano haifundishi namna hiyo. Mtoto wa miaka minane anayeomba kisu cha baba yake akae chini, aonyeshwe kukifungua kwa vidole na si kwa meno, kukifunga kwa kusukuma mgongo wa makali kwa kiganja huku vidole viko nje ya ufa wa mpini, na kumpa mwenzake kikiwa kimekunjwa. Ni somo la jioni moja.

Limebaki la pepopunda. Wengi wanaamini inaletwa na kutu. Kutu peke yake haileti. Vijidudu vyake vinaishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, na kisu kinachong'aa kilichoanguka mchangani kinavibeba vilevile. Ugonjwa huweza kuanza siku ya tatu au wiki ya tatu baada ya jeraha, pengine mtu ameshalisahau: taya linakaza, shingo inakuwa ngumu, mwili unajikunja kwa mshituko wa sauti au mwanga. Akina mama wetu wamechanjwa kliniki wakati wa ujauzito, na kwa kazi hiyo Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Baba zao na kaka zao je? Uchunguzi wa damu uliofanywa Kenya, Tanzania na Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha pengo la kinga kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 na kwa wanaume wa miaka 15 na kuendelea. Hao ndio wenye visu mfukoni. Wanaume hawana kliniki inayowaita kwa kadi, na kwa maoni yetu huo ni upungufu wa mpango wetu sisi watu wa afya kuliko uzembe wao.

Mpango huo ukichelewa, mwanaume asingoje jeraha. Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa anahitaji sindano ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, na ya tatu baada ya miezi sita hadi mwaka. Na ukija kwetu na kidole kimefungwa, tutakuuliza mwaka wa sindano yako ya mwisho. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Wengi wanataja mwaka wowote ili wasichomwe.