Msamiati wa jikoni usiachwe ufe

Kuna chombo kinachosifiwa mno siku hizi katika vitabu na vipindi vya mapishi kutoka nchi za Magharibi. Ni chungu cha chuma cha kusubu, kizito, chenye kuta nene na kifuniko kinachoziba barabara. Wamarekani, na wengi wazungumzao Kiingereza, hukiita tanuri la Kiholanzi. Mpishi hutia humo nyama, viazi, karoti, vitunguu na maji kidogo, akafunika, akauacha moto mdogo ufanye kazi kwa saa mbili au tatu. Chakula chote huiva pamoja, na chombo cha kuoshwa ni kimoja tu. Vijana wetu wanaovitazama vipindi hivyo huuona upishi huo kuwa uvumbuzi wa kigeni ambao hauna jina wala asili kwetu.

Mimi si mpishi wa kuajiriwa. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Hata hivyo, suala hili lina upande wa lugha ambao ningependa walimu wenzangu na wanafunzi waufikirie, maadamu upishi huo tunao, na jina lake tunalo, ila tumeanza kulisahau.

Jina la Kiingereza lenyewe lina kichekesho chake. Mholanzi nyumbani kwake hakiiti chombo hicho tanuri, wala haoni sababu ya kukiita cha Kiholanzi. Yeye husema braadpan. Inasemekana kwamba jina hilo lilitokana na ustadi wa Waholanzi katika kusubu vyombo vya shaba, ustadi uliomvutia Mwingereza Abraham Darby. Mwaka 1707 Darby alipewa haki ya kipekee ya kutengeneza vyungu vya chuma kwa kutumia kalibu za mchanga, na kuanzia hapo vyungu vya chuma vikawa rahisi hata kwa watu wa kawaida. Waholanzi nao walikuwa wamefika Rasi ya Afrika Kusini tangu mwaka 1652, na wazao wao huko wana chungu cha chuma chenye miguu mitatu ambacho hukiita potjie. Chungu hicho, kwa lugha yetu, hutembea na mafiga yake mwenyewe! Huko Marekani wahamiaji walikipenda chungu chao cha chuma kiasi kwamba mwaka 1997 jimbo la Utah lilikitangaza kuwa chombo rasmi cha upishi cha jimbo hilo.

Chungu cha Marekani cha kupikia nje kina sifa moja ambayo haina budi kutushughulisha. Kifuniko chake kina ukingo ulioinuka. Ukingo huo huzuia makaa yasiporomoke, kwa sababu mpishi huweka makaa chini ya chungu na mengine juu ya kifuniko, ili joto lije kutoka pande zote mbili. Hiyo ndiyo maana ya kukiita tanuri.

Sasa namwomba msomaji atulie kidogo. Tendo hilo la kuweka makaa juu ya kifuniko lina kitenzi chake katika Kiswahili, kitenzi kimoja kisichohitaji maelezo marefu. Ni kupalia. Mpishi wa pwani, wali wake unapokaribia kukauka, hupunguza moto wa chini, akafunika sufuria, akapanga makaa juu ya kifuniko. Wali hukauka polepole bila kuungua, kila punje ikasimama peke yake. Pilau ya arusi hupaliwa. Mkate wa kumimina nao huokwa kwa moto wa juu na chini, katika nyumba ambayo haijapata kuwa na tanuri. Mwingereza alihitaji kulikopa jina la taifa jingine ili kukieleza chombo chake, ilhali Mswahili alilitaja tendo lenyewe na kuacha chombo kiwe chochote, chungu au sufuria.

Kamusi pia itakuonyesha kwamba kupalia ni kulima magugu na kuinulia mimea udongo shambani, na kwamba chakula au maji yakienda kombo kooni husemwa yamempalia mtu. Siapi kwamba maneno haya yote yana shina moja. Lakini mwanafunzi anayeyakuta pamoja ana swali zuri la mjadala kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vyetu vya sarufi.

Na kupalia si peke yake. Kuweka chungu motoni ni kuinjika au kuteleka. Kukiondoa ni kuipua. Kuchemsha muhogo au ndizi kwa maji matupu bila viungo ni kupwaza. Kuutia mchuzi mafuta, vitunguu au nazi ili upate ladha ni kuuunga. Chakula ambacho moto wake ulikatika kikabaki si kibichi wala si kilichoiva, kimevia. Na kitenzi hicho hicho hutumika kwa kiumbe kilichodumaa. Wali ulioganda chini ya sufuria ni ukoko, ambao watoto huugombania. Kifuniko cha udongo cha chungu huitwa mkungu, ingawa mwanafunzi wa leo anaujua mkungu wa ndizi tu.

Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu, walimu wa kesho hao, maana ya methali "Jifya moja haliinjiki chungu." Wote walijibu vyema kwamba ni methali ya ushirikiano. Nilipowauliza jifya ni kitu gani, wachache waliinua mikono. Nilipouliza kuinjika ni kufanya nini, darasa lilinyamaza kama maji ya mtungini. Methali hiyo wameitumia katika insha tangu shule ya msingi na imewapatia alama. Waliimeza nzima nzima, bila kuona mawe matatu wala moto wala chungu. Methali yenyewe inasimama juu ya picha, na picha hiyo haipo tena machoni mwao.

Sielekezi lawama kwa wanafunzi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliingiza Sayansi Kimu katika shule za msingi, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini somo hilo lilifundishwa kwa Kiingereza. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unaitaka shule ithamini ujuzi wa nyumbani na wa mikono, na bado mafunzo ya lishe yameandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtoto hujifunza kupika kwa lugha moja na hujifunza methali za jikoni kwa lugha nyingine, na mambo hayo mawili hayakutani. Mwalimu wa Kiswahili hudhani mapishi si kazi yake. Mwalimu wa mapishi hudhani msamiati si kazi yake. Neno kama kuipua hufa katikati yao, na katika insha twasoma kwamba mama "alitoa sufuria kwa moto."

Wako watakaosema kwamba maneno hufuata vitu, na kwamba aliye na jiko la gesi hana haja ya kupalia. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lugha haiwezi kulazimishwa kuweka maneno ambayo wasemaji hawayahitaji. Lakini tazama neno mseto. Linatokana na kuseta, yaani kuponda na kuvuruga pamoja, na maana yake ya asili ni mchele na pojo, ambazo wengi bara huziita ndengu, vilivyopikwa pamoja mpaka vikashikana. Ni chakula cha chungu kimoja hasa. Mwaka 2008, viongozi wetu walipokubaliana kugawana madaraka baada ya ghasia za uchaguzi, Kenya ilipata serikali ya mseto, iliyodumu hadi 2013. Wakulima nao wana kilimo mseto. Neno limetoka chunguni likaingia Bungeni na shambani, na hakuna aliyelikopa kutoka Ulaya. Laiti wapishi wangaliliacha life kabla ya mwaka huo, wanasiasa na wanahabari wangalilitoa wapi?

Isitoshe, haja yenyewe ya upishi huu haijaondoka. Mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba kimoja ana jiko moja na sufuria moja, pengine mbili. Aghalabu hula chipsi za barabarani, si kwa kuzipenda sana, bali kwa kuamini kwamba chakula cha haja kinahitaji meko matatu na mama wa kukipika. Angefundishwa upishi wa chungu kimoja angekula vizuri zaidi na kwa gharama ndogo.

Siri yake si chuma cha kigeni. Chuma kizito hupata joto polepole na kulihifadhi, na kifuniko kizito huurudisha mvuke ndani badala ya kuuacha upotee. Kwa hiyo maji kidogo yanatosha, na moto mdogo unatosha. Chungu cha udongo cha bibi zetu kilifanya kazi hiyo hiyo. Sufuria nyembamba ya alumini haihifadhi joto vile, lakini ikifunikwa vyema na moto ukipunguzwa, itafaa. Nyama ngumu ya mguu au bega, ambayo huuzwa kwa bei nafuu, ndiyo bora hapa. Ina tishu nyingi za kolajeni, na joto dogo la muda mrefu penye maji huzigeuza kuwa jelatini laini inayoupa mchuzi uzito. Kaanga nyama kwanza mpaka iwe na rangi ya hudhurungi, tia vitunguu, kisha maji ya moto kiasi cha kuifikia nusu, funika. Viazi vitiwe baadaye, vinginevyo vitarojeka kabla nyama haijalainika.

Pure, yaani mahindi na maharagwe, ambayo wengine huita githeri na Watanzania huita kande, yataka maarifa mengine. Maharagwe yarowekwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe. Nyanya zisitiwe mapema, kwa kuwa uchachu wake huyachelewesha maharagwe kulainika. Jambo la tahadhari kubwa ni kwamba maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali. Lazima yatokote kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika kumi kabla moto haujapunguzwa, wala yasipikwe tangu mwanzo kwa joto dogo. Nataja hili hasa kwa wanaotumia kile kikapu kilichojazwa matambara ambacho vikundi vingi vya akina mama nchini hukitumia kuhifadhi joto la sufuria iliyokwisha kuchemka. Kikapu hicho ni kifaa chema sana na huokoa makaa mengi, lakini humaliza upishi tu, hakiuanzi.

Kwa wanaotafuta sababu ya kiafya, ipo pia. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa watoto waliolishwa chakula kilichopikwa katika vyungu vya chuma walikuwa na upungufu wa damu mdogo kuliko wale ambao chakula chao kilipikwa katika sufuria za alumini. Madini ya chuma hupita kutoka chunguni hadi kwenye chakula. Huko si kwa Waholanzi. Ni jirani zetu.

Ninachowaomba walimu wenzangu si kikubwa. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha methali ya jifya aanze na mawe matatu nyuma ya darasa. Awatume wanafunzi nyumbani wakawaulize nyanya zao jina la kila tendo kuanzia kuinjika hadi kupakua, nao walete pia maneno ya lugha zao za mama, kwani Mkamba apikaye muthokoi na Mjaluo apikaye nyoyo wana vitenzi ambavyo kamusi zetu za Kiswahili hazijavigusa. Mwalimu wa lishe naye asikilize somo hilo. Mitihani ya ufahamu ichukue matini zake kutoka jikoni mara moja moja, badala ya kuzunguka daima katika misitu na mikutano ya hadhara.

Nina pendekezo jingine kwa wenye maduka ya vyombo na kwa wafasiri. Chungu hiki cha chuma kimekwisha kuingia katika maduka makubwa ya Nairobi, na hapana shaka kitatafutiwa jina. Tusikiite tanuri la Kiholanzi. Kiitwe chungu cha kupalia. Nitaambiwa kwamba vyungu vingi vya sasa, kama vile vya kampuni ya Le Creuset iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1925, vimepakwa rangi za kupendeza, na mtu hawezi kuviwekea makaa juu bila kuviharibu. Ni kweli. Lakini vyungu hivyo aghalabu hutiwa ndani ya tanuri la umeme au gesi, ambako joto huvizunguka juu na chini pia, na huko nako ni kupalia.