Ana diplome mkononi, lakini barua ya kuomba kazi anaandikiwa

Ukipita asubuhi karibu na vyuo vikuu vya Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, unakuta vile vijumba vidogo vyenye mashine moja ao mbili ndani na jenereta inalia nje. Watu wanaviita sekretaria. Kijana anaingia na diplome yake ndani ya bahasha, anasema: "Ndugu, unifanyie barua ya kuomba kazi." Mwenye mashine hamuulizi mambo mengi. Anafungua barua iliyo tayari, anabadilisha jina, tarehe na jina la shirika. Dakika tano, imekwisha. Barua ile ile ilitoka jana kwa jina la mwingine, na kesho itatoka tena.

Kwenye ofisi inapofika, anayepokea maombi anakuta rundo la barua zenye maneno mamoja. Kila mmoja ana "heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yenu ya juu". Kila mmoja ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi hata chini ya presha. Hakuna anayesema alifanya nini, wapi, mwaka gani.

Wakati miradi ilikuwa mingi, barua kama hiyo iliweza kupita. Sasa njia imekuwa nyembamba. Tangu Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa 2025, mashirika mengi ya mashariki yamepunguza wafanyakazi ao kufunga miradi. Katika majuma hayo hayo M23 iliingia Goma, mwishoni mwa Januari, kisha Bukavu, katikati ya Februari. Banki zikafunga milango, ofisi nyingine zikahama. Kwa nafasi moja inayobaki, wanaoomba ni wengi, na wengi wana diplome za namna moja. Kitu cha kwanza kinachowatenganisha ni karatasi, kwa sababu wao wenyewe hawako pale kujieleza.

Wazazi na walimu wana jibu la haraka: "Watoto wa leo hawajui Kifaransa." Kuna ukweli ndani, lakini haitoshi. Kijana yule yule wa sekretaria, mtu akimuuliza kwa mdomo alifanya kazi gani, anajibu bila shida: "Nilifanya miaka mbili kwenye kituo cha afya. Kila siku ya tatu nilikuwa napima watoto kilo, naandika ndani ya kitabu, mwisho wa mwezi natuma raporo kwa zoni ya afya. Watoto wenye kukonda nilikuwa nawafuata mpaka nyumbani." Barua ya kazi ni hiyo. Iko na mahali, iko na muda, iko na kazi yenyewe. Kuiweka katika Kifaransa ni kazi ya nusu saa, na hata rafiki anaweza kumsaidia. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba maneno hayo yanafaa kuandikwa. Kwake kuandika ni kama nguo ya Siku ya Mungu: lazima iwe ya heshima, hata kama si yake.

Mazoea hayo yanaanza mapema, shuleni. Mtoto wa Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika anaingia darasa la kwanza akiongea Kiswahili cha nyumbani, ao Kinande, Mashi, Kilega na lugha nyingine. Kitabu kinamletea Kiswahili sanifu ambacho hakuna mtu anayekitumia kwao. Akianza kukizoea, Kifaransa kinachukua nafasi. Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inaacha Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, lakini inakubali pia lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike darasani na zifundishwe. Kwenye karatasi ni vizuri. Darasani, mtoto anajifunza kuandika katika lugha mbili ambazo zote mbili si za mdomo wake, na anapokosea haijulikani kama amekosa wazo ao amekosa neno.

Halafu kuna hesabu. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ilileta watoto wengi ambao zamani walibaki nyumbani. Hilo ni jambo jema na hakuna sababu ya kulijutia. Lakini mwalimu mwenye watoto 80 darasani, akiwapa kazi ya kuandika ukurasa mmoja, anarudi nyumbani na kurasa 80. Akitumia dakika tano kwa kila mmoja, ni dakika 400, karibu saa saba, kwa kazi moja tu. Na usiku mara nyingi umeme hakuna. Basi anafanya kile anachoweza: anaandika ubaoni, watoto wananakili. Kaye inajaa, mzazi anafurahi kuona mwandiko mzuri. Mtoto anaweza kufika sekondari akiwa na kaye kumi zilizojaa, na ndani hakuna hata sentensi tano alizozitunga mwenyewe.

Examen d'État yenyewe, ambayo nchi inaifanya tangu miaka ya 1960, haisaidii sana upande huu. Sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Disertasio peke yake ndiyo inamlazimisha mwanafunzi kutunga, na wengi wanaitayarisha kwa kushika kichwani utangulizi na mwisho vinavyoweza kubandikwa kwenye mada yoyote. Wanapofika chuo kikuu, hapo ndipo deni linadaiwa lote kwa mara moja.

Mwanafunzi anaombwa TFC, ao kazi ya mwisho ya licence katika mfumo mpya wa LMD: kurasa makumi, swali lake mwenyewe, uchunguzi wake mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuandika kurasa mbili zake mwenyewe afanye nini? Anakwenda kutafuta kazi ya mwaka mwingine, anabadilisha jina la mtaa. Kuna TFC ambazo ukurasa wa shukrani ni mrefu kupita ule wa kueleza tatizo, na si kwa bahati: shukrani ndiyo sehemu pekee ambayo mwandishi alikuwa na kitu cha kusema.

Siku hizi kuna pia ChatGPT ndani ya simu. Wale wa sekretaria wameshaijua, na wanafunzi pia. Inatoa Kifaransa safi, bila kosa la tahajia. Kwa mtu anayejua anachotaka kusema, ni msaada wa kweli: anaipa maneno yake, inamrekebishia. Lakini anayeiomba imwandikie kila kitu anapokea maneno yasiyo na mahali. Mashine haijaketi na mama anayeuza makala sokoni Kadutu, haijui anamkopa nani na analipa namna gani. Isipojua, inaweza kubuni, hata majina ya vitabu ambavyo havipo. Siku ya utetezi, profesa akiuliza, "Kitabu hiki ulikisoma wapi?", mashine haitakuwa karibu.

Lakini si wanafunzi peke yao wanaoandika bila kufikiri msomaji. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Pesa nyingi ziliingia katika mabango, karatasi na matangazo. Traducteurs sans Frontières walipokwenda kuuliza watu katika eneo hilo, walikuta kwamba habari nyingi zilikuwa katika Kifaransa ao Kiswahili sanifu, na wengi hawakuzielewa vizuri. Walitaka Kiswahili chao cha hapa ao lugha ya kwao. Walioandika walikuwa watu wenye masomo mengi. Kosa lao lilikuwa moja na la kijana wa sekretaria: walichagua maneno ya kuonyesha heshima, wakasahau anayesoma ni nani na anahitaji kujua nini.

Mahali ambapo kuandika vibaya kunaumiza zaidi, pengine, ni kwenye parsele. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa peke yake. Wengi hawana cheti hicho. Kile walicho nacho ni karatasi ya kuuziana, iliyoandikwa kwa bik mezani kwa shefu wa avenyu, mashahidi wakasinya, soda ikanywewa. Karatasi inasema hivi: "Mimi fulani nimemuuzia fulani parsele yangu. Amelipa kiasi, ingine atalipa."

Kiasi gani? Ingine lini? Parsele ipi, yenye urefu na upana gani, inapakana na nani? Siku ile wote walijua, na mtu akiuliza angeonekana kama hana imani na ndugu yake. Miaka kumi nyuma, muuzaji amekufa, mashahidi wawili wamehama kwa sababu ya vita, na watoto wa muuzaji wanasema baba aliuza nusu tu. Mbele ya tribinali, avoka hawezi kuongeza sentensi ambayo haikuandikwa. Na kama mke wa muuzaji hakusinya, shida inaongezeka, kwa sababu sheria ya familia inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kutoa ardhi ya nyumba. Karatasi yenye mistari kumi ingetosha: majina kamili ya pande mbili, kiasi kilicholipwa kwa namba na kwa maneno, kinachobaki na tarehe ya kukilipa, vipimo, majirani wa pande nne, sahihi za mume na mke. Mistari kumi ya Kiswahili cha kila siku. Hakuna Kifaransa kigumu kinachohitajika hapo, na mama asiyejua kusoma anaweza kuomba isomwe kwa sauti mara mbili mbele ya watu, kabla ya kuweka kidole.

Kuna maandishi mengine ambayo karibu kila mtu mwenye simu anayaandika, hata yule anayesema "mimi sijui kuandika". Ni ujumbe wa WhatsApp. "Ndugu, hali haiko muzuri, watu wanakimbia, mutoke haraka." Unatoka kwa nani? Unasema juu ya wapi? Leo ao juzi? Ujumbe ulioandikwa Jumatatu juu ya kijiji kimoja unaweza kufika Jumatano katika mji mwingine, na mama akabeba watoto usiku kukimbilia upande ambao ndio wenye hatari. Aliyeutuma hakudanganya. Alikosa tarehe na mahali tu.

Ujumbe huo huo ungeweza kuwa hivi: "Jumatatu, saa kumi ya mchana, niko kwenye soko letu (na jina la kijiji). Nimesikia risasi upande wa mto. Nimeona familia kama tano zinapita na mizigo. Sijaona wenye silaha." Aliyepokea anajua kipi kilionekana kwa macho na kipi kilisikika kwa mbali. Anajua pia kwamba ujumbe umezeeka akiupata siku mbili nyuma. Hapa lazima kukumbusha kwamba simu zinaweza kupekuliwa kwenye vizuizi: habari za wapi askari ao wapiganaji wamekaa, na majina ya watu, si vitu vya kuweka katika simu. Anayeandika anafikiri pia juu ya yule ambaye hakuandikiwa lakini anaweza kusoma.

Kwa wale waliokimbia na kupoteza diplome, kadi ya mchaguzi ao cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hali ni hiyo hiyo. Tamko la kupoteza vipande linalosema "nimepoteza karatasi zangu zote" linasaidia kidogo. Lile linalotaja kila karatasi, namba yake, ofisi iliyoitoa na mwaka, linampa karani njia ya kutafuta katika vitabu vyake. Picha moja ya kila karatasi, iliyotumwa mapema kwa ndugu aliye mji mwingine, ingefanya kazi hiyo iwe nyepesi.

Inabaki shule, kwa sababu hatuwezi kusema mazoea yatageuka kwa kuwalaumu vijana wenye miaka 25. Yule mwalimu wa watoto 80 hataweza kusahihisha kurasa 80 kila juma. Lakini anaweza kuomba wote waandike mistari mitano juu ya kitu walichokiona wenyewe njiani, katika lugha wanayoiongea, kila mmoja amsomee jirani yake wa banki, na jirani aulize kile ambacho hakuelewa. Yeye mwenyewe anachukua kaye kumi tu jioni. Kwa siku nane za shule amepita darasa lote. Kifaransa kinakuja juu ya msingi huo, na mtoto anakitumia kusema kitu ambacho tayari anacho.

Kikwazo kimoja kiko ofisini. Inspekta akifika, anataka kuona jurnali ya darasa na kaye safi zilizojaa. Kaye yenye mistari mitano, iliyofutwa-futwa kwa sababu mtoto alitafuta neno lake, inamletea mwalimu maswali. Direktere wengi wanalijua jambo hilo, na mwanzo wa mwaka wa shule, wanapoketi na inspekta kupanga kazi, wanaweza kulileta mezani.