Gia Iliyochomoka Mlimani



Katika nyumba nyingi za askari na watumishi wa serikali hapa Uganda, pikipiki si pambo. Ndiyo impelekayo baba zamuni, mama sokoni na mgonjwa zahanati. Na aghalabu imenunuliwa kwa mkopo ambao mshahara utaendelea kuulipa kwa miezi mingi. Kwa hiyo pikipiki mpya ikiharibika, huharibika pamoja na hesabu ya nyumba nzima.

Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe. Pikipiki yangu ilikuwa haijatimiza miezi 5 wala kilomita 5,000. Jioni moja nilikuwa nikipanda mlima wa kutoka Kabale kwenda Ziwa Bunyonyi, mke wangu ameketi nyuma, mara gia ya pili ikachomoka yenyewe. Injini ikanguruma bure, pikipiki ikaishiwa nguvu na kuanza kurudi nyuma, na huku lori linatufuata. Breki ndizo zilizotuokoa. Tangu siku hiyo, kila tulipopanda kilima, gia ile ile ilichomoka.

Muuzaji aliniambia kwamba sijui kubadilisha gia. Nikarudi nyumbani na hasira, nimeazimia kuipeleka pikipiki kwa fundi wa chini ya mwembe aliyeahidi kuifungua injini siku hiyo hiyo. Jirani yangu, sajini mstaafu aliyetumikia miaka mingi katika karakana ya jeshi, akanizuia.

"Mwalimu," alisema, "injini ikiguswa na fundi asiyeruhusiwa, watasema ni yeye aliyeiharibu, na dhamana yako itakuwa imekwisha. Kwanza tuujue ugonjwa, kisha uandike."

Tulianza na mambo ya nje. Waya wa klachi usiporekebishwa vema, gia huingia kwa shida. Tukaurekebisha kama kitabu kinavyoagiza. Kisha tukatazama oili, kwa kuwa katika pikipiki nyingi za siku hizi oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha giaboksi na klachi. Oili ya motokaa iliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano huweza kuifanya klachi iteleze. Yangu ilikuwa ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Hata hivyo gia ya pili iliendelea kuchomoka, nayo peke yake. Hapo sajini akanieleza kwamba klachi mbovu husumbua gia zote. Bali gia moja ikichomoka yenyewe, shaka huelekea ndani, kwenye meno yanayoishika gia au kwenye uma unaoisukuma mahali pake.

Nikaandika barua. Nilitaja tarehe ya kununua, namba ya injini, kilomita zilizotembewa, gia inayochomoka, na siku na mahali ilipochomoka. Nikaambatisha nakala za risiti na za kitabu cha matengenezo, na nakala ya barua yenyewe nikaitaka igongwe muhuri wa kupokelewa.

Baada ya wiki 3 jibu la kiwanda likaja kupitia kwa muuzaji: dai limekataliwa, kwa sababu kitabu hakina muhuri wa matengenezo ya kwanza. Ilikuwa kweli. Kwa kuokoa fedha kidogo, oili ya kwanza niliibadilisha kwingine. Nikaandika tena, nikakiri kosa langu, nikaambatisha risiti ya oili ile, nikauliza: kukosekana kwa muhuri kunawezaje kuichomoa gia ya pili peke yake? Nikaomba giaboksi ifunguliwe na fundi wao mbele yangu. Kadhalika nikamkumbusha muuzaji Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, kwani hati ya dhamana ni ahadi ya kiwanda, lakini sheria humtazama pia yeye aliyepokea fedha zako.

Giaboksi ikafunguliwa. Uma haukuwa umenyooka, na meno ya gia ya pili yalikuwa yameanza kulika. Kiwanda kikatoa vipuri bila malipo; ujira wa fundi nikaulipa mimi. Sikushangilia, wala sikunung'unika. Ujira ule ulikuwa bei ya muhuri mmoja uliokosekana.

Basi, ndugu msomaji, isome hati ya dhamana siku ya kununua, usingoje siku ya kuharibikiwa. Angalia inakoma lini, kwa miezi au kwa kilomita, kwani lile linalotangulia ndilo huhesabiwa. Fahamu kwamba vitu vya kulika, kama bamba za klachi na breki, kwa kawaida havimo. Weka risiti na kitabu pamoja na vyeti vya watoto, na mwonyeshe mwenzako vilipo, maana zamu au safari ya kikazi yaweza kukuchukua na dai likabaki mikononi mwake.