Upanga Si Sala

Wapo watu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wanaoamini kwamba Mjapani akishika upanga yumo katika ibada. Watakuambia kuwa upanga na Zen ni kitu kimoja. Kwamba samurai aliketi kimya akitafakari mpaka nafsi yake ikatoweka, kisha akainuka hashindiki. Mimi sijashika upanga wa Kijapani hata siku moja. Nilishika chaki, na baadaye nikaongoza chuo cha ualimu. Lakini habari hizi nimezisoma kwa miaka mingi, na dai hilo nalipinga.

Shule kongwe za upanga hazikutokana na Zen. Katori Shinto-ryu, iliyoanza karne ya 15, iliegemea hekalu la Kishinto la Katori pamoja na ibada za siri za Kibudha, ambazo ni mbali na Zen. Ni kweli kwamba mtawa wa Zen, Takuan Soho, alimwandikia Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa shogun, kuhusu akili isiyonasa mahali pamoja, na Munenori akazitumia fikra za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1632. Tena yupo Yamaoka Tesshu, aliyefariki mwaka 1888, ambaye alizama kwelikweli katika yote mawili. Huyo simkatai. Lakini wengi walijifunza upanga kama seremala anavyojifunza randa.

Nani basi aliyeieneza hadithi hii huku nje? D. T. Suzuki kwa vitabu vyake vya Kiingereza, na Mjerumani Eugen Herrigel, aliyefundisha falsafa Sendai miaka ya 1920 na kujifunza upinde huko. Kitabu chake cha mwaka 1948 kimesomwa dunia nzima. Mwaka 2001 Yamada Shoji alionyesha kwamba mwalimu wake, Awa Kenzo, hakuwa amepitia mafunzo ya Zen, na kwamba Herrigel alimwelewa kwa kupitia mkalimani. Profesa huyohuyo wa kuifuta nafsi alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937.

Mtu ataniuliza, yanakuhusu nini, mzee? Yananihusu. Katika semina moja ya walimu, mtoa mada alitusimulia habari za samurai na Zen, akahitimisha kwamba mwanafunzi bora ni yule asiyeuliza kwa nini. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa kumstahi mgeni, na mpaka leo najilaumu. Maana fundisho hilo lilikwisha kujaribiwa. Katika vita vilivyokwisha mwaka 1945, wapo watawa wa Zen waliowahubiria askari kwamba asiye na nafsi hutii na kuua bila kusita. Madhehebu ya Soto yenyewe yalitoa tamko la toba mwaka 1992. Kijana aliyeambiwa kwamba yeye hayupo, utamdai hesabu ya damu wapi?

Na kinachonikera zaidi ni kwamba ukungu huu unaficha jambo zuri lililopo. Watazame wawili wakifanya kata kwa panga za mti. Mmoja anashambulia, mwingine anajibu na kushinda. Ungedhani mwalimu ndiye mshindi. La! Kwa desturi mkubwa ndiye uchidachi, yule anayeshambulia na kushindwa. Anapiga pigo la kweli, ili mwanafunzi akikosea umbali alijue kosa lake. Halafu anaacha upenyo kwa wakati wake, si mapema wala si kwa kuchelewa, naye anauawa. Kesho anauawa tena. Hapo pana miguu, macho, umbali na wakati, na mtu mzima aliyekubali kushindwa mara elfu ili mdogo ajifunze. Sioni muujiza wowote.

Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha, nilikuwa naketi dawati la nyuma pamoja na watoto, nanyosha mkono na kutoa jibu la makosa kwa makusudi, nione kama mwanachuo atanisahihisha. Wengine waliniogopa wakaliacha lipite. Hao niliwarudia kesho yake, nikaketi palepale, nikakosea tena.