Nani Kasema Mapenzi Si Historia?

Sema mbele ya wasomi kwamba unaandika riwaya za mapenzi ya zamani, nao watakutazama kama muuza ubuyu aliyepotea njia akaingia kwenye mkutano wa madaktari. Ukoloni, vita, Azimio la Arusha: hizo ndizo mada za watu wazima. Mapenzi ni ya kusomea kwenye basi. Wapo walimu wanaoamini hivyo, wapo wachapishaji, na cha ajabu wapo hata waandishi wa mapenzi wanaoitetea kazi yao kwa kuomba radhi. Mimi siombi. Naona imani hiyo ni uvivu wa kusoma historia.

Chukua Zanzibar. Mwaka 1897 Sultani Hamoud, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria. Wengi tunaukariri mwaka huo na kuishia hapo. Lakini amri ile haikuwagusa masuria. Mtumwa wa shambani aliweza kwenda kudai uhuru wake. Mwanamke wa kitandani mwa bwana aliambiwa angoje, na akangoja hadi 1909. Mwanahistoria anaweza kuimaliza habari hiyo kwa tanbihi ya mistari miwili. Mwandishi wa mapenzi hana ruhusa hiyo. Lazima aingie chumbani, aulize mlango umefungwa na nani, na aamue: mwanamke huyu akisema anampenda bwana wake, tumwamini vipi ilhali sheria haimpi nafasi ya kumkataa? Raha ya kazi hii naipata hapo hasa, kwenye swali ambalo nyaraka za serikali zimelipita kimya.

Au mtazame Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa kalamu hiyo akawa karani wa njama za kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid, ndugu yao, mwaka 1859. Kisha akampenda jirani yake wa Mji Mkongwe, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akashika mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane na watoto ugenini Hamburg. Mwaka 1885 Bismarck, Kansela wa Ujerumani, akamrudisha Unguja pamoja na meli za kivita, madai ya Salme ya urithi yakitumika kumbana Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani. Anayetaka kuyatenga mapenzi na siasa katika maisha haya na ajaribu.

Mabingwa wetu wanalijua hili. Shafi Adam Shafi alipotaka kuieleza Zanzibar ya Waingereza katika *Vuta N'kuvute*, alianza na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, kisha akampeleka kwa Denge, mpigania uhuru. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, aliieleza Afrika Mashariki ya Wajerumani katika *Afterlives*, na katikati ya askari na mijeledi akawaweka Hamza na Afiya. Hakuna aliyewaita hawa waandishi wa porojo. Jina hilo huwekewa wengine, aghalabu wanawake.

Takataka zipo, sikatai. Utamkuta binti wa mwaka 1840 amejifunga kanga yenye jina, na kanga zenyewe zilienea mwishoni mwa karne ile. Utamkuta anazungumza na baba yake kama mtangazaji wa redio. Lakini riwaya mbovu za ukombozi nazo tumezisoma, tena kwa mitihani, na hakuna aliyedai ukombozi si mada.

Kwa hiyo anayeiona kazi hii nyepesi namwomba akae aandike ukurasa mmoja tu. Ni Unguja, mwaka 1898. Kijana anampenda suria wa jirani yao, naye suria anampenda. Aandike wanakutana wapi, nani anabeba ujumbe ikiwa mwanamke hajui kuandika, na mtoto akizaliwa atakuwa wa nani. Akimaliza aniletee, nitausoma.