MTOTO, SIMU NA SAA ZA MFANYAKAZI



Siku hizi tunapongojea basi Masoro baada ya zamu, mazungumzo yetu si ya mshahara na bei ya maharagwe tu. Tunazungumza pia juu ya watoto wetu na michezo ya video. Mmoja analalamika kwamba kijana wake hashiki tena daftari, kutwa kucha yumo katika simu. Mwingine amesikia kuwa wake anashinda kwenye vibanda vya PlayStation mtaani. Mwishowe sote tunakubaliana kuwa watoto wa leo wameharibika.

Sisi tunasema hapana. Kabla ya kumhukumu mtoto, tuhesabu kwanza saa zetu wenyewe.

Mfanyakazi anayeishi Kabuga au Nyamirambo na kuingia zamu ya asubuhi huondoka nyumbani watoto wakiwa usingizini. Akiongezewa saa za ziada, hurudi usiku akawakuta wamelala tena. Kutwa nzima ni nani aliyekuwa na mtoto? Ni simu. Nayo tuliinunua wenyewe kwa nia njema, ili tupate kumjulia hali mtoto tukiwa kazini. Mpango wa Connect Rwanda ulianza mwishoni mwa mwaka 2019, na mwaka 2023 ukaleta simu za kisasa kwa faranga 20,000. Hivyo chombo hiki kimefika hata katika nyumba za watu wa kipato kidogo. Hatukipingi, maana kina manufaa mengi. Lakini simu haiwezi kulea mtoto.

Wala mchezo si dhambi. Wazee wetu walicheza igisoro, na bado wanacheza. Lakini igisoro huchezwa na watu wawili wanaotazamana, na mchezo ukiisha watu huondoka. Michezo mingi ya simu imetengenezwa na makampuni ambayo faida yao inategemea mtoto asiondoke. Hatua moja ikiisha nyingine inafunguka, na mtoto anashawishiwa kununua mavazi na silaha za mchezoni kwa fedha za kweli, yaani jasho letu. Kwa hiyo namba ya siri ya pesa za simu asipewe mtoto hata siku moja.

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila mtoto anayecheza ni mgonjwa. Ugonjwa ni pale anaposhindwa kujizuia kwa muda mrefu, na mchezo ukatangulia masomo, chakula na usingizi. China, mwaka 2021, iliamuru walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni saa moja tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri yaweza kuzima mchezo, lakini haiwezi kumrudisha mzazi nyumbani.

Hapa Rwanda jambo la saa limekwisha kutambuliwa. Tangu Januari 2023 masomo huanza saa 2:30 asubuhi na kazi za ofisi saa 3:00, kwa nia ya kuwapa wazazi nafasi na watoto wao. Mwaka huo huo sheria ya kazi ilirekebishwa, saa za kazi zikawa 40 kwa wiki badala ya 45. Lakini zamu ya kiwandani haifuati saa ya ofisi, na mchuma chai hupimiwa kilo. Kwa hiyo tudai saa 40 ziheshimiwe, kazi ya ziada ilipwe na isiwe ya kulazimishwa, ratiba ya zamu itangazwe mapema, na pawepo mahali pa kulelea watoto karibu na viwanda na mashamba.

Ila, ndugu, tusidai saa hizo halafu tukazimalizie kwenye baa. Baba anayefika nyumbani na kuinamia simu yake hadi usiku hana neno la kumwambia mwanawe. Tuanze na haya machache. Wakati wa chakula na wa kulala, simu zote ziwekwe pamoja, ya baba ikiwemo. Muda wa kucheza upangwe kabla ya mchezo kuanza, na kazi ya shule itangulie. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya kutazama kioo kwa siku, na aliye chini ya hapo asipewe kabisa. Siku ya mapumziko tuketi nao, tutege "sakwe sakwe" na wao waitikie "soma". Na katika Umugoroba w'Umuryango, jambo hili tulijadili na majirani bila kuona haya.

Mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai saa 8 za kazi kwa siku, na ndiyo maana kila Mei Mosi tunawakumbuka. Walitaka kupumzika, na walitaka pia kuishi na jamaa zao. Saa walizotupigania ni za watoto wetu pia. Tuzidai kiwandani, na tukizipata tuzipeleke nyumbani.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.